Nenda Kavae Kwanza

Ndugu zangu, mwanamke mmoja alikuwa anaoga uani, kwenye bafu la magunia. Alikuwa amemwacha mtoto wake mlangoni, anachezea mahindi makavu. Ghafla akamsikia anakohoa, kisha pumzi ikawa inapita kwa shida, inalia kama filimbi. Ninyi mliozaa, mngengoja kujifuta maji?

Hakungoja. Alitoka mbio na povu kichwani, khanga moja kifuani, mtoto mikononi.

"Jamani nisaidieni, mtoto amepaliwa na hindi."

Barazani kwa jirani wanawake wawili walikuwa wanachambua mchele. Mmoja akawaziba wanawe macho.

"Huyu hana haya kabisa," akasema.

"Mwache," akacheka mwenzake, "labda anatafuta bwana wa pili."

Mwanamke akamkimbilia kijana wa bodaboda. Kijana akageuza uso.

"Shemeji, nikikupakia hivyo watu watanionaje? Nenda kavae kwanza. Nakusubiri."

Akarudi ndani. Angebishana naye kwa nguvu gani, wakati lile neno la barazani limeshampiga mbele ya watu? Akamlaza mtoto kitandani. Gauni likanasa kwenye mwili wenye sabuni, akalivuta mpaka likachanika kwapani. Akafunga kilemba, akajitanda khanga ya pili. Alipotoka na mtoto mikononi, alikuwa amejistiri kama mtu anayekuja ibadani. Ile filimbi haikusikika tena.

"Sasa nimevaa," akamwambia kijana. "Nipakie."

Kijana akawasha pikipiki. Akamtazama mtoto. Akaizima.

Ndugu zangu, neno hili, hana haya, tunamwambia nani? Tunamwambia mwenye goti wazi, anayenyonyesha njiani, anayelia kwa sauti. Lakini haya si nguo. Haya ni kule kushindwa kumtazama usoni mtu uliyemtendea ubaya. Wale wanawake walikwenda msibani jioni ile na mchele uleule waliokuwa wanachambua. Walimpikia yule mama, wakamtazama usoni, wakamwambia, "Pole, ni mapenzi ya Mungu."

Ningependa kuwaambia kwamba baadaye walitubu. Siwezi, kwa sababu sijaona tukitubu. Sisi ndio tulio pale barazani. Neno hili tumewapa wenzetu kwa miaka yote, na halijawahi kutugusa sisi.

Tazameni leo tulivyovaa vizuri sote.