Punda na Dawa ya Ngedere

Paukwa!

Pakawa!

Niseme au ninyamaze?

Sema, masikio tunayo!

Hapo zamani za kale, huko milimani kwenye mianzi mingi, aliishi Punda mzee. Alibeba mizigo tangu ujana wake mpaka mgongo ukapinda. Watoto wake wakaondoka, wakaenda kuishi mbali. Kisha mkewe akafariki. Punda akabaki na shamba lake la mahindi na nyumba iliyo kimya.

Siku moja akapita Ngedere, mgema wa ulanzi, ile pombe inayotoka kwenye mianzi.

"Shikamoo, Mzee Punda. Mbona unaguna?"

"Marahaba. Mgongo, mwanangu. Mgongo."

"Kunywa hii. Ni dawa ya mgongo."

Punda akanywa, mgongo ukatulia. Akalala mchana kutwa. Ngedere akaingia shambani, akala mahindi, akala, akala, akaenda zake.

Siku ya pili Ngedere akaja tena.

"Mgongo vipi, mzee wangu?"

"Mgongo afadhali. Leo ni moyo. Nimemkumbuka mke wangu."

"Kunywa hii. Ni dawa ya majonzi."

Punda akanywa kuliko jana. Akalala. Ngedere akaingia shambani, akala, akala, akaenda zake.

Siku ya tatu Ngedere akamkuta ameketi mlangoni.

"Leo kinakuuma nini?"

"Hata sijui. Nimechoka tu."

"Kunywa hii. Ni dawa ya uchovu."

Punda akanywa mpaka kibuyu kikakauka. Alipoinuka, miguu ikamsaliti. Akaporomoka mpaka mtaroni, puu! Akalala humo, tumbo linawaka, mwili unatetemeka. Alitaka kuita, lakini hakujua amwite nani. Akalia.

Jirani yake Bi Kanga akasikia kilio. Hakumkaripia. Alimletea maji, akakaa kando yake hadi akaweza kusimama.

"Kaka, pombe yote hii ya nini?"

"Dada, wewe una vifaranga, kelele tele. Mimi nikiingia ndani, hata wa kuniuliza nimekula nini hayupo."

Bi Kanga akainamisha kichwa. "Nilikuwa napita hapa kila siku, nikasema, mzee amepumzika. Nimekukosea."

Mara Ngedere huyoo, na kibuyu chake kimejaa tena!

"Shikamooni! Nimeleta dawa."

"Dawa nzuri hivyo," Bi Kanga akasema, "wewe mwenyewe unaitumia?"

"Mimi?" Ngedere akaangua kicheko. "Nikilewa nitapandaje miti?"

Alipocheka, punje za mahindi zikamtoka mashavuni, zikadondoka chini. Punda akazitazama. Akalitazama shamba lake, mabua matupu. Akageuka polepole, kwa maana alikuwa amechoka kweli, akarusha teke moja tu. Ngedere akaruka na kibuyu chake hadi ng'ambo ya mtaro, akakimbia akichechemea, na mlima ule hakuukanyaga tena.

Je, Punda alipona siku ile? Hapana, ndugu zangu. Bi Kanga alimpeleka kwa Kobe mganga, akapewa mizizi ya mgongo. Kobe akamwambia, "Pombe ambayo ungeibeba ujanani, leo ni nzito kuliko wewe." Punda akaiacha kwa taabu. Siku nyingine alikuwa akisema, "Dada, leo kiu imenishika." Bi Kanga akamjibu, "Basi twende tukatembee, kaka." Wakaenda polepole, vifaranga mbele, Punda nyuma, akisimama kila mara kuvuta pumzi. Mke hakurudi, wala mgongo haukunyooka. Lakini alitembea.

Basi jueni hili: pombe huulaza uchungu, haiuondoi, na mwili wa uzeeni haustahimili. Na ninyi wenye jirani mzee, mkiona mlango wake kimya, msipite tu. Bisheni hodi.

Nami nimefika mwisho wa njia yangu. Iliyowafaa ichukueni, isiyowafaa niachieni mwenyewe.