Mkate wa Machicha

Hapo zamani, siyo ile ya mababu, hii ya juzijuzi tu, palikuwa na kiwanda cha kupika spiriti ya mahindi. Spiriti ikishatoka, machicha yanamwagwa nje, nguruwe wanakula. Walinenepa nguruwe wale, ukiwatazama hujui kichwa kiko wapi, mkia uko wapi!

Jirani na kiwanda aliishi Nyamizi, mwoka mikate. Masika yakakata barabara, unga wa ngano ukamwishia, amebakiwa na kisado kimoja. Ndipo akaja Chilongani, mchunga nguruwe. Yeye Mgogo, Nyamizi Mnyamwezi: watani wa kufa na kuzikana. Chilongani akamimina ndoo ya machicha kwenye karai tupu la Nyamizi.

"Kula, mtani! Ndugu zako zizini wameshashiba."

Kwa mtani utakasirikaje? Nyamizi akacheka, akainama kuyazoa ayatupe. Akanusa. Akanusa tena.

"Mbona yananukia mkate?"

Akayakamua, akayaanika, akayasaga, akayachekecha. Mkate wa kwanza ukachacha. Wa pili ukawa jiwe, hata mbwa aliukimbia. Wa tatu akapunguza machicha, akazidisha ngano: ukaumuka kama shavu la mpiga zumari!

Lakini nani ale?

"Tutalewa!" watu wakapiga kelele.

"Tutaota mikia!"

Akajipenyeza Bibi Mbuke, mwenye meno mawili. "Lete, mjukuu wangu. Nikiota mkia nitafukuzia nzi."

Akaumaliza wote. Wakamchorea mstari chini, akaufuata bila kuyumba, akarudi kwa mguu mmoja! Nyamizi akaoka mingine; kufumba na kufumbua, mikate kwisha. Hata barabara ilipofunguka, watu waliukataa mkate mweupe.

Mwenye kiwanda akafurahi machicha yake kuwa chakula cha watu, akaleta zawadi kwa lori: tanuri la chuma, moja tu. Moyo wa Nyamizi ukaruka. Miaka sita alikuwa akiokea kwenye sufuria iliyotoboka!

"Nampa aliyeuleta mkate huu duniani," akasema bosi.

Chilongani akaruka mbele. "Bila ndoo yangu ungeoka nini, mtani? Hewa?"

"Ndoo ngapi umewamwagia nguruwe?" akajibu Nyamizi. "Yupi amekuokea hata andazi?"

"Nyamazeni!" akafoka Bibi Mbuke. "Mkate huu ulikuwa tofali la kutazamwa mpaka nilipoutia tumboni mwangu, peke yangu!"

Watu wakagawanyika mafungu matatu. Tanuri bado liko juu ya lori, dereva anapiga honi, anataka kuondoka. Haya, ninyi mnaocheka, semeni upesi: lishushwe mlangoni kwa nani?