Kwa Nini Mlima Ngweta Hupandwa Mtoto Akiwa Mbele

Nyinyi mnaokuja na watoto na vikapu vya chakula mnausifu Mlima Ngweta kuwa mpole. Haya, kaeni niwaambie, maana sifa hiyo hunichoma. Enzi za mababu wa mababu zetu mlima huu ulisimama wima, kilele kikiwa mawinguni, na ubavuni palikuwa na korongo refu ambalo jiwe likitupwa humo husikii likifika chini.

Siku hizo, kabla ya kupanda mtama, kila nyumba ililazimika kufika kileleni kumimina pombe ya kuombea mvua. Watu walifuatana kwa umri, mkubwa mbele na mdogo nyuma kabisa. Na ilikuwa mwiko kugeuka kabla pombe haijamiminwa. Anayegeuka, walisema, anairudisha mvua.

Mwaka mmoja wa ukame alipanda Mwadime na kibuyu chake cha pombe. Mkewe Wakesho alimfuata, na nyuma yao akaja binti yao Mkamburi, wa miaka sita. Walipofika ukingoni mwa korongo mtoto akaita.

"Baba, nimechoka. Nishike mkono."

"Tembea, mwanangu. Tumekaribia."

Akaita tena, safari hii akimwita mama yake. Wakesho akasimama.

"Baba Mkamburi, nimgeukie?"

"Ukigeuka utaua kijiji kizima."

Basi Wakesho, maskini, akaendelea kupanda huku akilia. Punde mawe yakaporomoka nyuma yao, na hawakuitwa tena.

Mwadime aliyasikia mawe yale. Mimi hapo ndipo ninapomlaumu, na sitaacha. Alipanda mpaka juu, akamimina pombe yote, ndipo akageuka. Njia ilikuwa tupu. Waliporudi ukingoni waliona kipande cha nguo ya mtoto kimenasa kwenye kichaka, chini kabisa, mahali ambapo hakuna kamba iliyofika. Na mvua yenyewe haikunyesha mwaka ule.

Wakesho akachukua jembe, akarudi kileleni peke yake. Akawa anachimba na kusukumia udongo na mawe korongoni, kutwa nzima, kila siku. Watu wakasema amerukwa na akili. Yeye akawajibu, "Kumtoa siwezi. Acheni basi nimzike."

Siku ya tatu Mwadime alikuja na mtaimbo, akaanza kubomoa mwamba kando yake. Wakesho hakumfukuza, lakini hakumsemesha hadi mumewe huyo alipokufa. Baadaye wakaja wanawake wa kijiji, kisha waume zao. Wakesho naye alikufa kazi haijaisha, wakaimalizia wajukuu wa dada zake. Walikuwa wamekimega kilele chote, na korongo lilikuwa limejaa.

Na tangu siku hiyo Ngweta ni mfupi, hata mtoto wa miaka mitatu hufika juu kabla jua halijawa kali. Tangu siku hiyo pia mdogo ndiye hutangulia, nasi wakubwa tunafuata mwendo wake, akiketi, tunaketi. Mteremko ule wa majani, ambapo watoto wenu hupenda kubingirika wakicheka, ndio kaburi la Mkamburi. Hatuwakatazi kucheza pale. Ila wakiwaita, itikeni.