Kwa Nini Wanamaji Humvulia Kofia Sarahangi

Mmefika kambini juzi, na jana mlimwona kamanda akivua kofia, akachutama mbele ya kobe, akangoja. Baadhi yenu mlicheka. Siwalaumu. Kulikuwa na wakati ambapo desturi hiyo haikuwapo hapa, na kilichoileta ni aibu yangu mimi, Faki Shaame, niliyekuwa fundi mitambo wa manowari.

Wakati huo kobe alikuwa wa kuchezewa na kila mtu. Tulimwita Sarahangi, jina la msimamizi wa mabaharia chomboni, kwa sababu alipandishwa manowari yetu ya kwanza akiwa mdogo kama sahani, na akaendelea kuishi hata manowari hiyo ilipokatwakatwa ikawa vyuma chakavu. Watu wa kisiwani ndio waliomtoa zawadi. Makamanda saba walistaafu wakamwacha. Kila mwaka tulimpaka rangi ya kijivu, tukampanda mgongoni kupiga picha, tukamgonga gamba tukipita kama mtu anayebisha mlango. Tuliamini gamba ni jiwe, halihisi kitu.

Aliyemjua hasa ni Bi Mize, mpishi wa kambi, mjukuu wa mzee wa kisiwani aliyemtoa zawadi kwa niaba ya wenzake. Kila asubuhi alimletea mchicha na maganda ya papai, akamwita kwa sauti ya chini, naye Sarahangi akaja taratibu, shingo mbele.

Kobe alipotimiza miaka sitini ya utumishi, kamanda wa siku hizo alitaka afungwe bamba la shaba lenye jina lake na miaka yake, wageni wa sherehe wapate kulisoma. Bi Mize alikuwa kwao msibani. Kamanda akauliza nani ana keekee. Hakuniamuru. Nilijitolea mwenyewe, nikitaka kuonekana.

Nilipoanza kutoboa ukingo wa gamba, Sarahangi alivuta kichwa na miguu ndani, akatoa pumzi ndefu kama tairi linalotoka upepo. Nilisita. Kisha nikaona wenzangu wananitazama, nikakandamiza. Damu ikatoka, imechanganyika na unga wa gamba. Nikakaza skrubu mbili, nikafuta kwa kitambaa, na sherehe ikafanyika. Wageni walipiga makofi.

Bi Mize aliporudi alimwita, naye hakutoka. Akaliona lile bamba. Alilifungua kwa ncha ya kisu cha jikoni, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Mchana, tulipopanga foleni ya chakula, alimuuliza kila mmoja wetu nani amefanya vile. Ilipofika zamu yangu nilisema sijui. Akaniongezea mchuzi, akaniambia nile, maana nimekonda.

Siku tisa Sarahangi hakula. Siku ya kumi nilimkuta Bi Mize amelala ubavu kwenye mchanga kando yake, anamsemesha.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyemtoboa."

Aliinuka akaketi. "Ulimwona amejificha?"

"Nilimwona."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniambia nivue kofia, nichutame mbele ya Sarahangi, nisimguse, nikae hapo mpaka mwenyewe atake kunitazama.

Nikawa nakwenda kila asubuhi. Wenzangu walicheka, kisha mmoja aliyezoea kumpanda mgongoni akaja kuchutama karibu yangu, kofia mkononi. Akaja mwingine. Mwishowe akaja kamanda. Siku ya ishirini na mbili shingo ilitoka. Aliinyoosha kwa Bi Mize, akala jani moja la mchicha, na mama yule akalia mbele yetu sote.

Na tangu asubuhi hiyo, hapa kambini hakuna anayemsogelea Sarahangi na kofia kichwani, wala anayemgusa kabla hajatoa kichwa. Gamba lake halipakwi rangi tena. Yale matundu mawili mnayoyaona ukingoni ni kazi ya mikono yangu.

Bi Mize tulimzika zamani. Kobe bado anakula. Ninyi atawatolea shingo, mkingoja vizuri. Mimi bado, na huu ni mwaka wa thelathini na moja. Akisikia sauti yangu huingia ndani, akatoa pumzi ileile. Nami huchutama, nikangoja, kisha nikaenda zangu nyumbani.