Kulabu Mkononi mwa Hoza

Kulabu yako mpe asiyekupenda. Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia Nasoro maneno hayo, alipotaka kwenda na marafiki zake kukagua pikipiki ya mtu kabla ya kuinunua. Mkacheka, na leo mnaniuliza kulabu na pikipiki vinahusianaje. Haya, sogeeni. Methali hii ilipozaliwa nilikuwepo, kwa hiyo siwapi ya kusikia.

Ilianzia kwenye miteremko ya Usambara. Nilifika huko nikitokea Kilosa, wala sikuwa na sababu ya maana, miguu tu. Nikapata kazi kwa watu wanaopanda miti mirefu kuchuma mbegu za kupeleka kitaluni. Yangu ilikuwa ya chini, kutandika maturubai na kuokota. Wapandaji walikuwa Guga, Hoza na Singano, na mkubwa wao Mzee Kupaza.

Mpandaji wa kule hakumbatii mti kama mkwezi wa minazi. Huvaa mkanda mpana kiunoni na mapajani, na mkanda huungwa na kamba kwa kulabu, yaani pete nene ya chuma yenye mlango mdogo ubavuni. Juu ya mlango kuna kikomeo kinachozunguka kuuzuia usifunguke. Kikomeo kikikusaliti huna cha pili. Ndiyo maana ilikuwa desturi kwamba hapandi mtu mpaka mwenzake aikague kulabu yake.

Sasa, Singano alikuwa amemwoa dada yake Hoza, na ndoa ile Hoza hakuipenda hata siku moja. Walikula sinia moja bila kusemezana. Kulabu ya Singano siku zote ilikaguliwa na Guga, rafiki yake tangu jandoni.

Asubuhi moja tulikuwa chini ya mkangazi mkubwa. Matunda yake yalikuwa yameanza kupasuka, na upepo wa mchana ungepeperusha mbegu zote. Singano akatoa kulabu aliyoipata kwa mpandaji mwingine, nyepesi, yenye kikomeo kinachojifunga chenyewe kwa springi. Guga akaufungua mlango, akauachia. Kla!

"Mgosi, hii ni mali!" akasema. "Umesikia inavyoitika?"

"Hebu niione," Hoza akasema.

"Ya nini?" Singano akamjibu. "Uitie kijicho?"

"Mpe," akasema Mzee Kupaza. "Macho hayali chuma."

Hoza akaigeuza. Akatafuta alama ya uzito unaobebwa, iliyopigwa mgongoni, akaiona. Akatafuta ufa, hakuuona. Akanuna. Ndipo akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona: akaufungua mlango, akaurudisha polepole kwa kidole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mlango ukarudi. Kikomeo kikazunguka nusu, kikakwama. Utomvu wa zamani ulikuwa umeganda ndani.

"Ukiiachia kwa kishindo inajifunga," akasema. "Lakini kamba huko juu haina kishindo, shemeji. Inasukuma taratibu."

"Umefurahi sasa?"

"Sana. Nakutafutia kosa tangu harusini."

Tukacheka wote, isipokuwa Singano. Akasema hizo ni fitina, chuma ni kizima. Basi Mzee Kupaza akaagiza kulabu ifungiwe gogo vile vile, kikomeo nusu, tulivute juu tuitikise kamba. Kwanza ikakaa. Tukatikisa tena. Kamba ikajigeuza, ikalala kwenye mlango, ikausukuma, na gogo likashuka likazama kwenye udongo mbele ya Singano.

Hapo hakucheka mtu. Guga aliketi, mikono kichwani. "Ningemuua," akawa anasema. "Nami nampenda kama ndugu!"

"Ndiyo maana," akasema Mzee Kupaza. "Uliikagua ukitaka iwe nzima."

Singano akamgeukia Hoza. "Ungeweza kunyamaza."

"Ninyamaze? Ukianguka, dada yangu anarudi kwetu na watoto wako wanaokula kama wewe. Nani atawalisha? Shika hii."

Akampa kulabu yake mwenyewe, nzito, yenye kikomeo cha kuzungushwa kwa mkono. Singano akakizungusha mpaka mwisho, akamrudishia aikague. Hoza akausukuma mlango kwa dole gumba. Ukagoma.

"Panda."

Akapanda, na mbegu zikapatikana kabla upepo haujaamka.

Tangu siku hiyo kulabu ya Singano ilipita mkononi mwa Hoza kila asubuhi. Watu wawili wakishikiana uhai namna hiyo huzoeana. Hoza akaanza kula kwa dada yake, akaanza kubeba wapwa zake mgongoni. Mpaka siku moja akaipokea kulabu huku anasimulia vituko vya mtoto, akaibonyeza mara moja tu, akasema, "Safi, shemeji."

Singano akaitazama kulabu. Akamtazama Hoza.

"Shemeji, siku hizi unanipenda mno."

Akaichukua, akaja nayo hadi kwenye turubai langu. Mimi sikuwa nimemsemesha tangu aniite mzururaji mbele za watu.

"Wewe bado umeninunia?"

"Bado," nikamwambia.

"Basi shika, kagua. Kulabu yako mpe asiyekupenda."