Tunu, Mtoto Aliyekatazwa Kuanguka

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mnameza dawa chungu? Paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sawa. Kaeni vizuri, nyoosheni migongo. Wakubwa nao wasikilize, maana ngano hii inawahusu kuliko watoto.

Hapo zamani za kale, msituni kwenye miti mirefu, palikuwa na mbega jike. Manyoya yake meusi tii, na begani ana shuka jeupe la manyoya, refu, linapepea. Alilipenda shuka lile! Akitembea, analitazama. Akila, analitazama. Siku moja akazaa mtoto, mweupe pe, kama wazaliwavyo mbega wote. Lakini yeye akaona hajapata kuzaliwa mwingine kama huyu. Akamwita Tunu. Na majirani wakamwita yeye Mama Tunu.

"Tunu wangu hataanguka," akasema Mama Tunu. "Hata siku moja!"

Kwenye mti wa jirani alikaa Bi Kima na watoto wake, kundi zima. Watoto wale walikuwa vituko. Wanainua shingo, shingo inalegea, pua kwenye gome. Wanaketi, wanapinduka. Wanasimama dede, wanayumba huku, wanayumba kule, pu! Chini kwenye majani. Wanalia kidogo. Wanapanda tena. Pu!

Mama Tunu akacheka mpaka shuka likatikisika. "Bi Kima, hao ni watoto au ni matunda mabivu?"

"Ni watoto," akajibu Bi Kima. "Ndiyo kwanza wanaiva."

Tunu yeye alibebwa. Mama akichoka, anabebwa na shangazi. Shangazi akichoka, Tunu anawekwa kwenye panda ya mti. Ametandikiwa sufi, amefungwa mmea wa kutambaa kiunoni asidondoke. Kuketi, anaketishwa. Kusimama, anasimamishwa, kashikwa makwapa. Akitaka kunyoosha mkono achume jani, jani limeshafika mdomoni.

"Mama, nataka kwenda kucheza na wale."

"Na wale? Hebu tazama manundu yao!"

Tunu akayatazama manundu yao. Akayaonea wivu.

Siku zikaenda. Manyoya ya Tunu yakageuka meusi, na shuka jeupe likamwota begani. Yuko mgongoni kwa mama. Sauti ikawa nzito, ya dume, rrroo! Yuko mgongoni. Miguu inaburura kwenye matawi, mama anahema, hee, hee, na bado yuko mgongoni! Uti wa mgongo wa Tunu ukapinda kama mundu.

Likaja jua kali. Majani ya upande ule yakaisha. Kundi la mbega likakata shauri: tuvuke kijito, twende ng'ambo. Na kuvuka ni kuruka, kutoka mti wa mwisho wa huku hadi mti wa kwanza wa kule. Chini ni tope tupu.

"Tunu anajua kuruka?" akauliza shangazi.

"Anajua sana! Nimemfundisha mwenyewe. Tunu, hebu waambie."

Tunu, kwenye sufi yake, akasema, "Macho mbele. Mkia nyuma. Kunja magoti. Jirushe."

"Mmesikia? Hakukosea hata neno!"

Asubuhi wakaanza kuruka. Wa kwanza, pya! Wa pili, pya! Mashuka meupe yanapepea hewani. Ikafika zamu ya Tunu. Akasimama kwenye ncha ya tawi. Macho yakatazama mbele. Mkia ukaenda nyuma. Magoti je? Magoti hayakuwa yamesikia somo lile. Yakatetemeka, tetetete! Tawi likayumba kushoto, Tunu akayumba kulia. Akajirusha kama gunia linavyojirusha.

Chubwi!

Akatua topeni, ubavuni mwa Ngiri aliyekuwa anaoga.

"Hata hodi hupigi?" akauliza Ngiri.

Msitu mzima ukacheka. Tunu hakucheka. Alijaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mara, kivuli. Fyuuu!

"Tai! Tai!"

Wote wakatoweka majanini. Wote isipokuwa Mama Tunu. Uchungu wa mama haukumpa nafasi ya kufikiri. Akashuka mbio, akamfunika mwanawe.

"Panda mgongoni, upesi!"

Tunu akapanda. Mama akapiga hatua, na wote wawili wakalala kifudifudi. Mtoto amekuwa mzito kuliko mama! Tai akashusha makucha, akaikosa shingo, akaukamata mkia wa mama. Mama Tunu akapiga ukelele. Ngiri akamrukia Tai na meno yake ya nje, krr! Tai akapaa na nusu ya mkia.

Kundi likawangoja ng'ambo, likachoka, likaenda zake. Mama na mwana wakabaki na majani makavu. Mama akaulilia mkia. Tunu akatambaa hadi mti wa Bi Kima. Dume zima, anatambaa!

"Shikamoo, Bi Kima. Nifundishe."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sifundishi kitu. Panda pale wanapocheza wenzako."

Wenzake wenyewe walikuwa watoto wapya wa Bi Kima, waliozaliwa juzi, walimfika magotini. "Huyu babu naye anajifunza?" wakauliza. Tunu akapanda. Pu! Wakacheka. Akapanda. Pu! Akapata nundu lake la kwanza, akalipapasa, akatabasamu.

"Tunu, utakufa!" mama akalia, amefumba macho.

"Bado, Mama," akajibu Tunu kutoka kwenye majani.

Kidogo kidogo nyayo zikaanza kulisikia tawi. Tawi likiyumba, kiuno kinajua. Mkia unajua. Kichwa hakiulizwi. Mgongo ukanyooka, ingawa haukunyooka wote.

Siku moja akasimama kwenye ncha ya tawi. Hakusema macho, hakusema mkia. Akaruka. Gubu! Tumbo likagonga tawi la ng'ambo. Akaning'inia, miguu inatapatapa hewani. Akajivuta, akajivuta, akakaa. Haukuwa mruko wa kupendeza. Lakini alikuwa ng'ambo.

Mama Tunu akainuka, akalitengeneza shuka lake. "Mmeona! Mmeona nilivyomfundisha!"

"Tumeona, Mama Tunu," akasema Bi Kima. "Haya, ruka umfuate."

Mama Tunu akatazama pengo. Akageuka, akatazama kigutu cha mkia wake. Akateremka mti polepole, akaingia topeni. Tope la magoti. Tope la kiuno. Tope la makwapa. Shuka jeupe likanywa tope, likawa rangi moja na Ngiri. Watoto wa Kima wakapiga makofi. Katikati akateleza. Chubwi!

"Inuka, Mama," Tunu akaita kutoka juu. Hakushuka kumbeba.

Basi, mzazi, usimnyime mwanao kuanguka angali mfupi, na chini ni karibu. Mwili haufundishwi kwa maneno, unafundishwa na manundu. Ukimwekea manundu hayo akiba, ataanguka akiwa mkubwa, kutoka juu, na wewe utakuwa chini yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia asiniulize mimi, amuulize mwenzake.