Mikono Iliyokunjwa

"Mikono iliyokunjwa si mikono iliyolala." Mmeisikia methali hii leo, wanangu, mmecheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Basi ilianza hivi.

Hospitali ya Nyakabanga ilikuwa na fundi mkuu wa kompyuta, Mzee Rwegoshora. Programu mpya ikija, aliipeleka mwenyewe wodi hadi wodi, flashi mfukoni, akiinama mbele ya kila mashine mpaka mgongo ukamkatika. Hakujua njia nyingine, wala hakuitafuta.

Mwaka mmoja programu ya kumbukumbu za wagonjwa ikaharibika. Ilibidi mpya iingie kwenye kompyuta zote kabla ya kliniki ya Jumatatu, la sivyo madaktari wasingejua nani anatumia dawa gani. Rwegoshora alitaka kuanza mapema, lakini msaidizi wake, Kokushubira, akamsihi.

"Niachie mimi, Mzee. Nitaandika maagizo mara moja, niyatume kwa mtandao, mashine ziyafuate zenyewe."

Mzee akakubali kwa shingo upande. Mambo yakiharibika, angeulizwa yeye.

Wiki nzima binti aliandika, akajaribu kwenye kompyuta kuukuu ya stoo, ikakwama, akafuta, akaandika upya. Jumapili mchana Rwegoshora akaingia ofisini, akamkuta ameketi kimya, mikono kaikunja kifuani.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee akaitazama mikono ile. "Koku! Hujagusa hata mashine moja, nawe umekaa?"

"Nimeshatuma, Mzee. Nenda ukaone."

Akatoka kwa hasira, akafungua chumba cha mapokezi. Hapakuwa na mtu. Lakini skrini zote zilikuwa zinawaka, maandishi yakipanda kama mvua inayorudi mbinguni. Mashine moja ikazimika, ikajiwasha, ikaandika: Tayari. Ya jirani ikafuata, na nyingine, na nyingine. Mzee akasimama akitazama. Akaenda maabara, akaenda dirisha la dawa, akaenda wodi ya watoto. Kila alikofika, kazi ilikuwa imemtangulia. Pale kwa watoto alivua kofia bila kujua kwa nini.

Aliporudi alimkuta mganga mkuu akimfokea binti.

"Kesho kliniki, na wewe umekunja mikono!"

"Mganga, usimfokee," Rwegoshora akasema taratibu. "Nimetoka huko sasa hivi. Huyu unayemwona hapa yuko maabara, yuko kwa watoto, yuko kila wodi kwa wakati mmoja. Miaka yote nimeifanya kazi hii, sijapata kuona kitu kama hiki. Mikono iliyokunjwa si mikono iliyolala."

Jumatatu kliniki ikafunguliwa, na kila mgonjwa akapewa dawa yake. Wauguzi wakalichukua neno la mzee, likatoka nao getini, likafika sokoni na mashambani. Kwa hiyo mkimwona mtu ametulia, msikimbilie kumwita mvivu. Ulizeni kwanza alichokwisha kutuma. Mikono iliyokunjwa si mikono iliyolala.